Jaribu kumwambia ng'ombe kwamba bei imeshuka

Nimeisikia tena. Safari hii imetoka kwa kijana mwenye shahada ya uchumi, kwenye kikao, mbele ya wafugaji waliotoka zizini alfajiri hiyo hiyo: "Kama bei ya maziwa imeshuka, si mpunguze tu uzalishaji? Maziwa yakiadimika, bei itapanda yenyewe." Wafugaji wakatazama sakafu. Mimi nikanywa maji. Nina zaidi ya miaka ishirini nikipanga malisho ya ng'ombe wa maziwa na kupiga hesabu za wenye ng'ombe, na swali hilo nimelijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo upole nimeuacha nyumbani.

Mpunguze, kivipi? Ng'ombe aliyezaa mwezi jana anatoa maziwa kwa sababu amezaa. Atapanda hadi kilele wiki ya sita au ya nane, ataanza kushuka taratibu mpaka siku ya 305 hivi, atakaushwa, yaani ataachishwa kukamuliwa pole pole, atapumzika miezi miwili, atazaa tena. Mzunguko huo hausikilizi taarifa ya habari. Usipomkamua leo kiwele kinajaa, kinakuwa kigumu kama jiwe, na baada ya siku chache unahangaika na ugonjwa wa kiwele. Ndiyo maana Aprili 2020, shule na migahawa ilipofungwa ghafla, wafugaji wa Marekani walikamua kisha wakamwaga. Watu walioona zile picha waliniuliza kwa nini wasingeacha tu kukamua. Jamani.

Halafu, maziwa ya leo yaliamuliwa lini? Hesabu na mimi. Unahimilisha, yaani unampandikiza ng'ombe mbegu ya dume, mimba inakaa siku 280 na ushei, anazaliwa jike, anakua, anahimilishwa akiwa na miezi kama 15, naye anabeba mimba yake. Kutoka siku ile ya mbegu hadi lita ya kwanza ya binti huyo, karibu miaka mitatu imepita. Mfugaji aliyeona bei nzuri akaamua kubaki na ndama wake wote wa kike hakufanya kosa lolote. Ila mitamba hiyo inaingia kwenye kukamuliwa wakati mmoja na ya majirani wote walioona bei ile ile.

"Basi punguza chakula." Hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu sentensi hii ina ukweli ndani yake, na ukweli nusu ndio unaoua mifugo.

Chakula ni nusu ya gharama au zaidi, kwa hiyo jicho linaenda hapo kwanza. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alipunguza pumba na mashudu hadi nusu wiki ile ile bei ilipoanguka. Ng'ombe wake bora alikuwa na wiki tatu tangu azae. Siku kumi baadaye akanipigia simu akicheka: "Mwanangu, hivi vyakula vyenu mlikuwa mnatudanganya. Maziwa hayajapungua hata lita mbili." Nikaenda. Sikuhitaji kupima chochote. Nilipitisha kiganja juu ya kiuno cha yule ng'ombe na mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza kama kona za meza, katikati yake shimo ambalo ungeweza kuweka bakuli. Maziwa hayakuwa yanatoka kwenye majani aliyokula. Yalikuwa yanatoka mgongoni mwake. Ng'ombe aliyezaa karibuni humlipia ndama kwanza, nafsi yake baadaye, na akiba ya mwili ikiisha anaanguka kwa mkupuo. Kuna kanuni ya makadirio tunayoitumia: kila kilo moja ya maziwa kwa siku unayoipoteza kwenye kilele, unapoteza kama kilo 200 kwa msimu mzima wa kukamuliwa. Na yule hakuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume, kwa miezi minne. Kwa hiyo mzee aliokoa magunia kadhaa ya pumba, akapoteza maziwa ya mwaka huu na kusogeza mbali ya mwaka ujao.

Sasa, ng'ombe mwenye mimba ya miezi sita anayetoa lita nane, akiwa amenona? Huyo mpunguzie, tena jana. Na yule ambaye maziwa yake hayalipi hata anachokula, auzwe. Kwa hiyo "punguza chakula" ni ushauri mzuri kwa ng'ombe fulani, siku fulani. Ukiusema kikaoni bila kusema ng'ombe yupi na ana siku ngapi tangu azae, bora ungenyamaza.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wachumi wenyewe. Tuseme lita inauzwa 100. Chakula 55, gharama nyingine 35: mkopo, umeme wa tangi la kupozea, mtu wa kukamua, dawa. Inabaki 10. Bei ikishuka hadi 80, watu husema mfugaji amepoteza sehemu moja ya tano. Hapana. Faida yote imeondoka na juu yake ameingia hasara ya 10 kwa kila lita. Lakini zile 35 zinadaiwa hata asipokamua tone. Akiweza kumsukuma ng'ombe yule yule atoe lita moja zaidi kwa chakula cha 40, anaingiza 80, na ile 40 inayobaki inasaidia kulipa mkopo. Kwa hiyo anafanya nini mtu mwenye akili timamu bei ikishuka? Anaongeza maziwa. Jirani yake naye, kwa sababu hiyo hiyo. Kila mmoja yuko sahihi zizini kwake, na kwa pamoja wanazamisha soko.

Ulaya waliliona hili kwa macho. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa uzalishaji, viwango ambavyo mfugaji hakutakiwa kuvizidi, mwaka 1984 na kuviondoa tarehe 31 Machi 2015. Kabla hata ya kuviondoa, Agosti 2014, Urusi ilikuwa imepiga marufuku jibini na maziwa yao, na China nayo ikapunguza kununua unga wa maziwa. Bei ikaporomoka, maziwa yakaendelea kumiminika. Mwaka 2016 ikabidi Umoja huo utenge euro milioni 150 kuwalipa wafugaji senti 14 kwa kila kilo ambayo hawakuizalisha. Yaani walilipwa kupunguza! Unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta ulirundikana maghalani, zaidi ya tani 350,000, na uliisha mwanzoni mwa 2019. Nikiona mtu anasema soko litajirekebisha lenyewe, huwa nakumbuka yale maghala.

Kuhusu unga nitasema haraka. Maziwa ni maji asilimia 87, ukiyakausha yanasafiri na yanakaa. Sehemu ya maziwa ya dunia inayovuka mipaka haifiki hata moja ya kumi, lakini bei yake, ikiwemo ya Global Dairy Trade, mnada wa kimataifa wa bidhaa za maziwa unaoendeshwa mtandaoni tangu 2008, ndiyo kiwanda kinayokuonyesha kikitaka kukupunguzia. Bei ikipanda huko, kiwanda hicho hicho husahau kuangalia. Na vinywaji vya soya na lozi, ambavyo wengine huvilaumu kwa bei kushuka? Vipo, vimechukua wateja sehemu fulani. Sivyo vilivyomtia hasara mzee wangu.

Jambo jingine: "ufugaji unakufa" na "maziwa yanapungua" si kitu kimoja. Marekani mwaka 2003 ilikuwa na mashamba ya maziwa yenye leseni zaidi ya 70,000. Mwaka 2023 yalibaki kama 26,000. Ng'ombe walibaki karibu milioni tisa mwanzo na mwisho, na maziwa yaliongezeka kwa karibu theluthi. Wanaoondoka ni watu. Ng'ombe wao huhamia zizi kubwa zaidi na wanakamuliwa jioni hiyo hiyo.

Na wanaoondoka ni akina nani? Vitabu vyetu vinasema wasio na ufanisi. Mimi niliyatia sahihi maelezo hayo miaka mingi. Sasa siyaamini kama zamani. Wanasema kamba hukatikia pabovu. Kwenye maziwa nimeiona ikikatikia penye mkopo. Waliofunga mbele ya macho yangu, wengi walikuwa wafugaji wazuri waliojenga banda jipya bei ikiwa juu, tena wengine kwa mchoro wangu. Waliobaki, baadhi yao ni wazembe wasiodaiwa na mtu. Hapo nilipaswa kusema neno kikaoni na sikusema: ushauri ninaoutoa kila siku, ongeza lita kwa kila ng'ombe, ni sehemu ya mafuriko. Kwa mfugaji mmoja ni sahihi. Kwa elfu moja, sina tena uhakika, na bado kesho nitautoa, kwa sababu anayenilipa ni huyo mmoja.

Juzi jioni yule mzee alinipigia. Ng'ombe wake bora alishamuuza, kwa nyama. Binti wa yule ng'ombe ana miezi 15 na alikuwa kwenye joto, amesimama kupandwa na wenzake tangu saa kumi. Alitaka kujua: mbegu ya dume wa aina ya maziwa au wa aina ya nyama? Ndama wa nyama ananunulika akiwa mchanga, pesa unaiona. Ndama wa maziwa unamlisha miaka miwili ukisubiri bei ambayo hakuna anayeijua. Mhimilishaji alikuwa anasubiri jibu aje alfajiri.

Nikamwambia maziwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo.