“Magharibi” ya dansi ya mraba ni ipi?

Nimesikia tena mtu akiwaeleza wenzake kwamba dansi ya mraba ya kisasa inaitwa “ya Magharibi” kwa sababu ni dansi ya Wazungu. Maelezo hayo nimekutana nayo mara nyingi mno kwa Waswahili wenzangu tulioko Marekani, hata kwa wale wanaocheza kontra, dansi ya jozi zinazopangwa katika mistari miwili mirefu inayotazamana, na ambao wangeifurahia sana dansi hii.

Maana yake ni fupi. Jozi 4, watu 8, wanasimama wakitazamana, kila jozi upande wake wa mraba. Mwitaji anataja hatua kwenye kipaza sauti, wachezaji wanazifuata.

Tatizo ni hilo neno. Magharibi inayotajwa ni ya Marekani yenyewe, kule kwa makauboi. Lloyd Shaw, aliyeongoza shule ya Cheyenne Mountain huko Colorado Springs, alizikusanya dansi za huko, akachapisha kitabu chake mwaka 1939, na wanafunzi wake wakazunguka nchi wakizionyesha. Mashariki, katika eneo la New England, watu walikuwa na mraba wao, uliokaribiana zaidi na kadrili, dansi ya zamani ya Ufaransa ya jozi nne. Jina likaja kutenganisha pande hizo mbili za nchi moja. Kwa Kiswahili “Magharibi” yenye herufi kubwa ni Ulaya na Marekani kwa pamoja. Kwa kipimo hicho hata kontra ni ya Magharibi, na wolzi pia, na neno halitofautishi chochote tena.

“Kisasa” nayo inawapotosha wachezaji wa kontra. Kwenye usiku wa kontra mwitaji huweza kuingiza mraba mmoja au miwili ya kizamani, basi mtu anaondoka akiamini mraba anaujua. Ule wa kizamani una mpangilio unaorudiwa, kama kontra yenyewe: mnapitishwa kwanza bila muziki, kisha mapigo 64 yanazunguka na kuzunguka mpaka mwitaji ananyamaza na miguu inajiendea. Kwenye mraba wa kisasa hamna kupitishwa. Mwitaji anaunganisha hatua anavyotaka, hata papo hapo, na hujui ijayo. Ndiyo maana watu husoma darasani kwa miezi. Callerlab, chama cha waitaji kilichoundwa mwaka 1974, kiliziweka hatua katika ngazi, na ngazi iitwayo Mainstream ina takriban 70. Mimi huilinganisha na kwata: amri itakayofuata huijui, ila kila amri umeshafundishwa. Na amri hizo ni za Kiingereza hata ukicheza Japani au Ujerumani.

Mkono ndio unaomtambulisha mgeni kutoka kontra. Ikiitwa alemandi ya kushoto, yaani kuzungukana na jirani mkishikana kwa mkono wa kushoto, yeye hutoa kiganja, kidole gumba juu, kama alivyozoea. Jirani yake anaupita mkono ule na kumshika kigasha, karibu na kiwiko. Kwa sekunde moja wanatazamana, na hatua inayofuata imeshaitwa.

Kwa hiyo ukimwalika rafiki yako wa kontra, sema “dansi ya mraba ya kisasa, ya magharibi mwa Marekani”. Ni ndefu kidogo, najua. Mwambie pia asitoe kiganja.