Kurusha kisahani: mchezo wa nyayo na upepo

Siku ya riadha za skuli, iwe uwanja wa Amaan Unguja au Gombani Pemba, watu hujazana penye mbio. Huku kwenye kisahani hubaki mwalimu na tepu yake, na watoto wawili watatu wa kuokota. Anayepita husema ati huu ni mchezo wa watu wa miraba minne. Hajauangalia vizuri.

Kisahani cha wanawake kina uzito wa kilo 1, nusu ya kile cha wanaume, na upana wa sentimita 18 hivi. Uzito mwingi uko ukingoni, kwenye pete ya chuma, ili kikizunguka hewani kisiyumbe. Mrushaji huingia kwenye duara la mita 2.5, akakipa kiwanja mgongo, akazunguka mara moja na nusu, kisha akakiachia. Cha mwisho kukigusa ni kidole cha shahada. Kasi huanzia kwenye nyayo, ikapanda nyongani, na mkono ndio wa mwisho kuipokea. Ndiyo maana msichana mwembamba mwenye mikono mirefu na miguu myepesi anaweza kumpita mwenye misuli anayetegemea bega tu.

Halafu kuna upepo. Mkimbiaji wa mita 100 akisukumwa na upepo unaozidi mita 2 kwa sekunde, rekodi yake haihesabiwi. Kwenye kisahani sheria hiyo haipo, na hapa upepo unaotakiwa ni wa mbele: hukiinua kama unavyoinua tiara, wakati ule wa nyuma hukishusha mapema. Kwa hiyo msimu wa kusi, mwalimu mjanja huangalia minazi inalalia wapi kabla hajachora duara kwa chokaa. Mwaka 2025 Mmarekani Valarie Allman alifikisha mita 73.52 huko Ramona, Oklahoma, uwanja ambao warushaji huufuata kwa ajili ya upepo wake. Hata hivyo hakuifikia rekodi ya dunia, mita 76.80, iliyowekwa na Gabriele Reinsch wa Ujerumani Mashariki mwaka 1988.

Lakini kurusha mbali hakutoshi. Mrusho lazima uwe halali. Ukikanyaga juu ya ukingo wa duara, ukitoka kabla kisahani hakijatua, au kikidondoka nje ya mistari miwili ya kiwanja, umefutwa. Kwa kawaida fainali kila mtu hupewa mirusho mitatu, na wanane bora huongezewa mitatu mingine.

Ugumu wa sheria hiyo anaujua Sandra Perković wa Croatia, ambaye siku hizi anatumia jina la Elkasević. Alizaliwa Zagreb mwaka 1990, akatwaa dhahabu ya Olimpiki London 2012, ubingwa wa dunia 2013 na 2017, na ubingwa wa Ulaya mara 7. Katikati ya hayo kuna doa: mwaka 2011 alifungiwa miezi 6 kwa dawa iliyokatazwa. Rio 2016 aliingia fainali akiwa ndiye anayetazamiwa. Mrusho wa kwanza ukafutwa. Wa pili ukafutwa. Wa tatu nao ungefutwa, bingwa mtetezi angerudi nyumbani bila hata sentimita moja kwenye karatasi. Akarusha mita 69.21, na huo peke yake ukampa dhahabu ya pili.

Paris 2024, Allman alichukua dhahabu kwa mita 69.50, Perković na Feng Bin wa China wakafungana kwa mita 67.51. Wakilingana hivyo, huangaliwa mrusho wa pili kwa ubora. Wa Feng ulikuwa mrefu zaidi, Mcroatia akapata shaba. Basi mwalimu mwenye tepu asiandike mrusho bora tu wa kila mtoto, aandike yote.