Mkataba wa barabara ukishasainiwa, data huishia wapi?

Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma Tanzania zinatakiwa kununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni uliorithi kazi ya ule wa awali, TANePS. Ukiwa Kaliua na simu yenye bando unasoma tangazo la zabuni na jina la aliyeshinda bila kumbembeleza mtu ofisini. Sitalibeza hilo. Ila kwa barabara, mianya mikubwa naiona kati ya kusaini mkataba na hati ya mwisho ya malipo, na hapo ndipo data ya wazi inapokauka.

Chukua mfano wa kubuni: kilomita 6 za changarawe, upana mita 5.5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Zidisha 6,000 × 5.5 × 0.15, unapata mita za ujazo 4,950. Changarawe ikiwa bado imelegea kwenye lori huchukua nafasi zaidi, tukadirie robo, kwa hiyo zinahitajika kama 6,190: safari 619 za lori la mita za ujazo 10. Mkandarasi akiweka sentimita 10 badala ya 15, barabara itang'aa siku ya makabidhiano, lakini mita za ujazo 1,650 hazipo. Theluthi nzima.

Sasa fungua BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake katika mkataba. Ikiwa imeandikwa tu "kuweka changarawe, km 6, jumla", huna pa kushikia. Ikitaja ujazo, unene na bei ya mita moja ya ujazo, kamati ya kijiji pamoja na mhandisi msimamizi wanaweza kuchimba vishimo kila mita 200, kushoto, katikati na kulia, wakapima kwa tepu, kisha wakavifukia na kuvishindilia. Kupima katikati peke yake kunadanganya, maana pembeni ndiko changarawe hupunjwa.

Kiwango cha kimataifa cha data huria za mikataba, OCDS, kilichotoka mwaka 2014, hufuata hatua tano: mpango, zabuni, tuzo, mkataba na utekelezaji. Uti wa mgongo wake ni namba moja inayotembea na mchakato mzima. Bila namba hiyo, barabara ileile itaitwa jina moja kwenye bajeti, jingine kwenye zabuni, na kwenye malipo itakuwa "Loti 3". Kompyuta haitajua kwamba ni kitu kimoja, na mwananchi ndiyo kabisa.

Ukiunganisha majedwali, makosa ni yaleyale. Kampuni moja huandikwa "Ltd" huku na "Limited" kule, kwa hiyo linganisha TIN, namba ya mlipakodi, majina achana nayo. Bei moja ina VAT, nyingine haina: milioni 500 na milioni 590 zinaweza kuwa mkataba uleule, tofauti ni ile asilimia 18. Loti yenye barabara nne hutolewa kwa bei moja, na ukigawa kwa kilomita utapata wastani usio na maana iwapo moja ina makalavati kumi na nyingine haina hata moja. PDF iliyopigwa picha ni ukuta tu. Dai Excel au CSV. Kazi za force akaunti, zile ambazo taasisi huzisimamia yenyewe bila mkandarasi mkuu, nazo hutawanyika katika manunuzi madogo mengi, saruji huku, fundi kule, na bila namba ya mradi hutazikusanya.

Kama ningeruhusiwa kuongeza safu nne tu kwenye tangazo la tuzo, ningechagua kiasi kilicholipwa hadi leo, tarehe ya kila hati ya malipo, nyongeza za kazi na sababu zake, na viwianishi vya mwanzo na mwisho wa barabara.

Wakati hizo hazipo, raia ana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika ombi kwa mwenye taarifa. Anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Usiombe "taarifa za mradi", utapewa kipeperushi. Taja namba ya zabuni, omba BOQ yenye bei, hati za malipo kuanzia namba 1, vipimo vya unene na ushindiliaji, na barua za nyongeza ya muda. Peleka mapema, kabla kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha, wakati bado kuna fedha ya mkandarasi iliyozuiliwa. Ikishaachiwa, kumrudisha aje kumwaga zile sentimita 5 ni kazi ya mahakama.