Protini si ya wanyanyua vyuma peke yao

Wakimbiaji wengi waliovuka miaka 50 huamini kwamba protini ni ya vijana wanaonyanyua vyuma, na kwamba mtu wa mbio ndefu anahitaji ugali tu. Wanga ndio unaompa nguvu njiani, hilo kweli. Lakini misuli inayozeeka huwa sugu: kiasi cha protini kinachoijenga vizuri kwa kijana huiamsha kidogo tu kwa mzee. Kijana hutosheka na takribani gramu 0.24 kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja. Mzee huhitaji karibu 0.4. Mwenye kilo 65 basi alenge gramu 26, mara tatu au nne kwa siku.

Kosa kubwa hutokea asubuhi. Chai ya rangi na vipande viwili vya mkate baada ya mbio havifikishi hata gramu 8. Ongeza mayai mawili (gramu 12) na glasi ya maziwa (8), umefika. Nyama nyingi ya usiku huenda isifidie pengo hilo. Na kwa bei yake, dagaa mkavu anaushinda unga wa protini wa kopo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.