Fuvu Lililoandikwa "Akida"

Mwaka 2023 wataalamu wa makumbusho huko Berlin walitangaza kwamba wamewapata ndugu wa mafuvu matatu, na ndugu hao wapo Tanzania. Mafuvu hayo ni sehemu ya 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Mjerumani, mengi yakitoka Rwanda. Moja lilikuwa na maandishi "Akida", yaani jina la cheo. Vinasaba vyake (DNA) vilioana na vya Mchaga aliye hai leo, na huenda mwenyewe alikuwa mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900.

Wengi hudhani maabara inasoma mfupa kama kitambulisho. La hasha, DNA haina jina. Kazi yetu ni kulinganisha, na huwezi kulinganisha upande mmoja. Kwa hiyo neno moja la wino juu ya fuvu lilikuwa na thamani sawa na mashine zote: lilionyesha waulizwe watu gani. Ni mafuvu manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kutafutiwa jamaa.

Mfupa wa zamani nao ni mkaidi. DNA yake imekatikakatika, imechanganyika na ya bakteria na ya kila mkono uliowahi kulishika fuvu. Tunapenda kuchukua sampuli kwenye jino, au kwenye mfupa unaozunguka sikio la ndani, ambao ni mgumu sana na hutunza vizuri. Ajabu ni kwamba uchakavu wenyewe unatusaidia. Ncha za vipande vya kale huharibika kwa namna yake. DNA ya mtafiti aliyepiga chafya jana haina alama hiyo.

Halafu yanahitajika mate ya walio hai, na hapo nashauri familia zielezwe kila kitu kabla ya kutoa. DNA ya mitokondria, iliyo nje ya kiini cha seli, hurithiwa kwa mama; kromosomu Y, ambayo wanaume ndio huwa nayo, hurithiwa kwa baba. Mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza, iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012, ilikubaliana na jamaa wa upande wa mama, lakini Y ikakataa kwa jamaa wa kuumeni. Mahali fulani katika karne hizo, mtoto hakuwa wa baba aliyeandikwa. Ukoo unaotafuta babu unaweza kukutana na habari ambayo haukuiulizia.

Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwemo katika yale matatu.