Mmea unanyauka na udongo umelowa

Ukiona mmea umenyauka, kwanza unashika udongo. Ukiukuta umelowa unabaki kuguna tu, na kazi yangu, ya kuchunguza sumu za kuvu zinazodhuru mimea, huanzia hapo.

Chukua tawi la mlozi lililoshambuliwa na kuvu iitwayo Phomopsis amygdali. Kuvu yenyewe imejikalia penye kidonda cha tawi. Majani ya juu haijayagusa, lakini ndiyo yanayonyauka, kwa sababu sumu yake, fusikoksini, imepanda na maji. Bandua ngozi ya chini ya jani hilo usiku, uitie kwenye hadubini: stomata, vitundu vya jani vya kupitishia hewa na mvuke, ambazo saa hiyo zilipaswa kufumba, zimekodoa.

Kila stoma ina seli linzi mbili. Katika utando wa seli hizo kuna pampu inayosukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, nje. Pampu ikifanya kazi, potasiamu huingia, maji huifuata, seli hujaa na tundu hufunguka. Pampu hii ina mkia unaoizuia kama breki. Mmea ukitaka kufungua stomata, protini ya kundi la 14-3-3 huushika mkia, kisha huuachia kazi ikiisha. Fusikoksini huingia katika upenyo uliopo kati ya mkia na protini hiyo na kuvigandisha pamoja. Breki hairudi tena, na jani linapoteza maji usiku na mchana. Hakuna kilichovunjwa hapo, na hilo ndilo linalonivutia: pampu ni ya mmea, protini ni ya mmea.

Mwaka 1970 mahindi ya Marekani yalionja kisa cha aina hiyo. Wazalishaji wa mbegu walipenda mahindi yenye saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini) ya aina ya Texas kwa kuwa mbelewele zake hazitoi chavua hai, hivyo hawakuhitaji kuzikata kwa mikono. Yalikuwa yameenea karibu asilimia 85 ya mashamba. Mitokondria za mahindi hayo, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, zina protini iitwayo URF13, ambayo mahindi ya kawaida hayana. Sumu ya kuvu Cochliobolus heterostrophus ikiipata protini hiyo, utando wa ndani wa mitokondria hutoboka, protoni huvuja, na seli hukosa nishati. Takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi ilipotea.

Sekosporini, sumu ya kuvu za Cercospora, haichagui mmea hivyo. Inachohitaji ni mwanga: ukiipiga huzalisha oksijeni kali inayounguza mafuta ya utando wa seli. Mwanafunzi wangu mmoja alielea vipande vya majani kwenye maji yenye sumu hiyo, akaviweka kabatini visisumbuliwe, kisha akaja kulalamika kwamba sumu imeharibika, maana kipimo cha chumvi zinazovuja hakisogei. Nilimwomba ahamishie sahani chini ya taa. Jioni alirudi na namba zilizopanda, na majani yaliyolegea kama yaliyochemshwa.