Sijasema mzime taa

Jumamosi kwenye mkutano wa mtaa nilipewa dakika tano. Nilitumia mbili. Nilichosema ni kwamba kabla hatujachanga hela za taa za njia ya kushukia ziwani, tujue zitafungwaje, zitaelekea wapi na ni za rangi gani. Dakika ya tatu mama mmoja wa mbele akageukia wenzake: "Huyu si ndiye yule wa darubini? Anataka tuzime taa yeye aangalie nyota, sisi vibaka watupore." Kicheko. Mwenyekiti akahamia ajenda ya takataka.

Maneno hayo nimeshayasikia sheli, kwenye kikao cha harusi, kwa bodaboda wangu, na mara mbili kwa shemeji yangu aliyekula wali kwangu chini ya taa niliyoifunga kwa mikono yangu. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo. Naandika leo, na atakayerudia namtumia linki.

Mimi ni fundi umeme. Huu ni mwaka wa kumi na sita napanga na kufunga taa za nje hapa Mwanza: mageti, maghala ya samaki, yadi za malori, viwanja vya makanisa. Taa ndizo zinazolipa ada za watoto wangu, sasa nitatakaje ziishe? Darubini ni ya inchi 8, natoka nayo usiku usio na mwezi, na mara kwa mara naipeleka sekondari wanafunzi wakaone pete za sayari ya Zohali.

Sheria za taa zipo duniani tangu zamani na hakuna ninayoijua inayowaambia watu wakae gizani. Flagstaff, kule Arizona, walianza 1958 kwa kukataza taa kubwa za matangazo zinazofagia angani, kwa sababu kituo cha nyota cha Lowell kilikuwa kinapofushwa. La Palma, kisiwa cha Uhispania, wana sheria yao tangu 1988. Chile, kanuni ya 1998 kwa mikoa ya kaskazini yenye vituo vya nyota. Afrika Kusini, sheria ya 2007 inayolinda maeneo kama Sutherland, ilipo darubini kubwa iitwayo SALT. Ufaransa wakaja 2018 na kanuni ya nchi nzima, ambako wengi hawana habari na darubini yoyote. Ukizikamua zote zinabaki amri nne: taa itazame chini, isizidi kiasi, isiwe nyeupe ya kibuluu, izimwe au ipunguzwe kazi ikiisha. Flagstaff usiku unaona barabara vizuri tu.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, na hapa nitakaa.

Chukua ile taa bapa ya kumulika, wati 100, yenye mguu wa kuzungusha. Fundi anaifunga ukutani, mwenye nyumba yuko chini anaelekeza: "Inua kidogo, ifike mbali." Fundi anainua. Sasa kioo kinatazama mbele, si chini, na sehemu ya mwanga inatoka juu kidogo ya usawa wa ardhi. Watu wengi, na mafundi wengi, wanadhani kosa kubwa ni taa inayotazama juu wima kabisa. Kwa mtu anayetazama nyota akiwa mbali na mji, ni kinyume. Mwanga unaopaa wima unapita kwenye hewa nzito kilomita chache tu, halafu huo umekwenda zake. Unaotoka nyuzi tano au kumi juu ya upeo unasafiri ndani ya hewa hiyo makumi ya kilomita. Unagonga vumbi, unyevu wa ziwa, moshi wa mashamba yanayochomwa Agosti, na kila unapogonga unatawanyika, anga inang'aa na nyota zinafifia. Kwa hiyo ile "inua kidogo" ndiyo mbaya kuliko zote. Na mji wetu umejengwa juu ya mawe na miteremko. Taa ya mlimani iliyolazwa sambamba na ardhi haina ukuta wala mti wa kuizuia, inavuka ziwa bila nauli.

Nililiona hili Januari moja nikiwa Nansio, Ukerewe, kwa msiba. Saa nne na nusu usiku, giza la kweli, nikatoka nyuma ya nyumba kutafuta Wingu Kubwa la Magellan. Kwa wasiolijua: ni kundi la nyota lililo nje ya hili letu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000, na linaonekana kwa macho matupu. Mwaka 1987 nyota ililipuka humo, na mmoja wa waliokuwa wa kwanza kuiona, Oscar Duhalde, alikuwa mfanyakazi wa kituo cha nyota cha Las Campanas kule Chile aliyetoka nje akatazama juu tu. Kutoka Ukerewe wingu hilo halipandi zaidi ya nyuzi 22 hivi, kama ngumi mbili juu ya upeo ukinyoosha mkono, na liko kusini. Kusini mwa Nansio kuna nini? Mwanza, karibu kilomita 50. Kulikuwa na kuba la mwanga pale kama moto wa jikoni nyuma ya kilima. Wingu nililiona, lakini upande wa chini limechujuka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Kuna kanuni ya kukadiria inayosema ukiongeza umbali maradufu, mng'ao wa mji hupungua kati ya mara tano na sita. Mimi nilikuwa ng'ambo ya maji na bado yadi zetu zilinifuata. Na baadhi ya taa zile nilizifunga mimi. Kuna yadi moja, siitaji, nilifunga taa nane zote zikiwa zimeinuliwa kwa sababu mwenye mali alitaka zionekane kutoka barabarani. Kila nikipita pale najifanya nasoma simu.

Turudi kwa vibaka, maana ndiko mnakotaka twende.

Jirani yangu, mzee wa heshima, alifunga taa kama hiyo juu ya geti, imeinuliwa, inachoma macho ya kila anayepita. Jioni moja nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamwomba tusimame barabarani, hatua kama kumi na tano kutoka getini, aniambie anaona nini kwenye kona ya fensi. Akaona taa. Nikamwambia anyanyue kiganja aifunike ile taa tu, kama unavyokinga jua. Akanyanyua. Kimya. Halafu: "Kumbe yule ni nani?" Alikuwa kijana wangu, nilimsimamisha pale dakika tano nzima, amevaa fulana nyeupe, wala hajajificha.

Jaribuni wenyewe leo usiku, haligharimu hata senti. Jicho likipigwa na mwanga mkali linajifunga, na kilicho pembeni kwenye kivuli kinapotea. Taa kali iliyoinuliwa inatengeneza kivuli cheusi pembeni yake na kumpofusha mlinzi anayetazama kuelekea huko. Taa ya nusu ya wati hizo, imetazamishwa chini, ina kofia ya kuzuia mwanga usipande, inamulika ardhi pale unapotaka kuona miguu ya mtu.

Mzee aliniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, lakini hii mwizi akiiona anaogopa." Na hapa sitajifanya najua kuliko ninavyojua. Utafiti wa Uingereza na Wales uliotoka 2015, uliohusisha halmashauri 62, haukupata ushahidi wa maana kwamba kuzima au kupunguza taa za barabarani kuliongeza uhalifu au ajali. Wapenzi wa nyota wanaupenda sana utafiti huo, wanautembeza kama cheti cha ndoa. Wasichotaja ni ule wa New York wa 2016, ambako minara ya taa kali iliwekwa kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa kama asilimia 36. Huo nao si wa kupuuzwa. Swali ninalobaki nalo ni kama nguvu ilikuwa kwenye ukali wa taa au kwenye watu kuona kwamba kuna anayewajali na kuwatazama. Anayekwambia mwanga hauna uhusiano wowote na usalama anakudanganya. Anayekwambia kila mwanga ni usalama, mpeleke kwenye geti la mzee.

Rangi nitapita haraka, japo madukani ndiko ninakogombana zaidi. Boksi la taa limeandikwa Kelvini. Kelvini 6500 ni nyeupe ya kibuluu, 3000 au 2700 ni njano ya joto. Hewa safi inatawanya buluu ya LED karibu mara tatu kuliko njano ya zile taa za zamani za sodiamu, ndiyo maana anga ya mchana ni buluu na ndiyo maana wanafalaki wanaililia sodiamu mpaka leo. Wateja wangu wanaita njano "taa ya gesti". Wanaonielewa bila mahubiri ni wenye migahawa ya ufukweni. Wale vijidudu vya ziwani vikiibuka usiku wa giza na kuvamia taa nyeupe mpaka vikaogelea kwenye mchuzi wa sato, hakuna haja ya kumweleza mtu fizikia.

Sasa kuna watu upande wangu ambao nao wananichosha. Wanadhani kofia inamaliza kila kitu. Funga taa zote kwa kofia, kisha zidisha idadi yake mara nne kwa sababu LED hazili sana luku, na umerudi ulikotoka. Mwanga ukifika chini haufi. Lami mpya inaurudisha kidogo, saruji na mawe yetu meupe yanaurudisha zaidi, na unapanda juu ukiwa na kofia au bila kofia. Flagstaff waliliona hilo na mwaka 1989 wakaweka kikomo cha jumla ya mwanga kwa kila eka ya kiwanja. Hicho ndicho kipengele kigumu. Kofia mtendaji wa mtaa anaiona kwa macho, jumla ya mwanga inataka mtu wa kukaa na kalamu ajumlishe lumeni, yaani kiasi cha mwanga, za kila boksi. Nani atafanya hivyo hapa? Sina jibu ninaloliamini. Nimewahi kuandika rasimu ya sheria ndogo kwa ajili yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, na kipengele hicho nimekifuta na kukirudisha mara tatu.

Halafu dagaa. Kila mkutano lazima mtu aulize: "Na wavuvi je? Wao wanawasha usiku kucha." Kweli. Usiku wa giza simama Capri Point uangalie ziwa, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni LED za betri na sola. Wao na mimi tunagombea usiku uleule, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mimi nyota dhaifu sizioni. Taa yao inaelea karibu na maji na nia yake ni kumulika chini, lakini sitasema mwanga wote unaingia majini, unaruka pembeni pia na ninauona. Kwenye rasimu yangu nimewaacha nje kabisa. Kwa haki gani? Kwa haki ya kwamba ile taa inafanya kazi iliyowashiwa, dakika zote inapowaka, na asubuhi kuna dagaa juani. Taa ya ukuta wa ghala lililofungwa tangu saa kumi na mbili jioni inafanya kazi gani saa tisa usiku? Kama nawapendelea wavuvi, basi nawapendelea.

Kelele tuna kanuni zake tangu 2015. Baa ikizidisha spika, kuna pa kwenda kushtaki. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukabidhiwa fomu ya kibali cha ujenzi inayouliza taa ya nje itatazama wapi. Mstari mmoja tu kwenye fomu ile, ukiuliza kabla nguzo haijasimikwa, ungefanya kazi kubwa, kwa sababu kugeuza taa siku ya kuifunga ni bure, na kuigeuza baadaye ni ngazi, fundi na ugomvi. Najua litakalofuata: Mwanza haina kituo kikubwa cha nyota, tunamlindia nani? Mwenzangu mmoja wa darubini aliniuliza hivyohivyo na nikakosa la haraka. Nilikumbuka tu kwamba Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima na wazee walikisoma kujua mvua, niliwaonyesha kidato cha pili wa hapa mjini na wengi walikuwa hawajawahi kukiona. Waliona nyota tatu. Nje ya mji macho mazuri yanahesabu sita au saba.

Mzee wa geti, baada ya lile la kiganja, alikubali. Nikainamisha taa, nikamwendea fundi bati akanikatia kofia, nikaifunga kwa skrubu mbili kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Usiku ule upepo wa ziwa ukaanza. Saa saba simu ikalia. "Kijana, kofia yako inagonga kama ngoma, mama amekosa usingizi. Na usiniambie hili halina sheria." Asubuhi nikaongeza skrubu mbili.